Faili moja badala ya seva: hifadhidata za ufunguo na thamani ndani ya Python

Skripti nyingi tunazoandika zinahitaji kukumbuka jambo dogo tu. Muamala huu nimeshaushughulikia au bado? Anwani hii ya IP imegonga seva mara ngapi leo? Ukurasa huu niliupakua lini mara ya mwisho? Njia ya kwanza inayomjia mtu ni kuweka kila kitu kwenye faili la JSON na kulisoma lote upya kila skripti inapoanza. Ya pili ni kusimika MySQL, na pamoja nayo nywila, bandari, mtumiaji na huduma inayotakiwa kuwa hai usiku na mchana. Njia ya kwanza huanza kulemea faili likifika makumi ya megabaiti, kwa sababu kubadilisha namba moja kunamaanisha kuliandika faili zima upya, na umeme ukikatika katikati ya kuandika unabaki na nusu faili. Ya pili inafanya kazi vizuri, ila ni mzigo mkubwa kwa swali la "ndiyo au hapana".

Katikati ya njia hizi kuna zana ya zamani, ukoo wa dbm, ambayo tayari imo ndani ya Python, Perl na PHP. Hifadhidata kwa kawaida inakaa ndani ya faili moja, haina seva, na unaitumia karibu sawasawa na kamusi ya kawaida ya Python: unatoa ufunguo, unapata thamani. Naiheshimu sana zana hii, na nadhani wanaojifunza programu leo wanarushwa haraka mno kwenye seva kubwa bila kuonyeshwa kwamba ipo. Lakini wepesi wake uko juu juu. Chini ya mstari uleule wa msimbo kunaweza kuwa na injini nne tofauti, kila moja na tabia yake kuhusu kufuli, mpangilio na usalama wa data. Asiyejua yuko juu ya injini ipi hajui data yake iko salama kiasi gani.

Ukoo huu ulianzia Bell Labs. Mwaka 1979, Unix toleo la 7 lilikuja na maktaba ndogo ya Ken Thompson iliyoitwa dbm. Kazi zake zilikuwa chache: weka, chukua, futa, pitia funguo zote. Programu iliweza kufungua hifadhidata moja tu kwa wakati mmoja. Mwaka 1986 watu wa Berkeley walitoa ndbm, iliyoondoa kizuizi hicho. Baadaye Ozan Yigit aliandika sdbm na kuiachia umma bila masharti ya leseni, mradi wa GNU ukapata GDBM iliyoandikwa na Philip Nelson, na Berkeley wakatoa Berkeley DB. Perl ilizichukua zote na kumruhusu mwandishi kufunga hashi ya kawaida (kamusi ya Perl) kwenye faili kwa amri ya tie. Python ikaja na moduli ya dbm, inayojaribu kuzificha zote nyuma ya mlango mmoja.

Mlango wenyewe ni huu:

    import dbm

    with dbm.open("hesabu", "c") as db:
        ip = "203.0.113.7"
        idadi = int(db.get(ip, b"0")) + 1
        db[ip] = str(idadi)

Herufi "c" inasema: fungua faili, na kama halipo litengeneze. "r" ni kusoma tu, "w" ni kusoma na kuandika faili lililopo. "n" iogope, maana inaanza faili jipya tupu hata kama la zamani lilikuwa na data, wala haiulizi. Angalia pia ile b kabla ya "0". Kila kinachoingia humu ni baiti na kila kinachotoka ni baiti. Ukiandika maandishi, Python inayageuza kuwa baiti yenyewe. Ukisoma, inakurudishia baiti, na ni juu yako kuita decode au int. Namba 7 haiwezi kuingia kama namba, sharti iwe "7". Wengi hudhani hilo ni pungufu la moduli, lakini ndivyo injini zenyewe zilivyo tangu 1979: hazijui aina za data, zinajua urefu wa baiti tu.

Tuingie sasa ndani ya GDBM tuone kinachotokea mstari wa mwisho unapotekelezwa. Ufunguo unapitishwa kwanza kwenye kanuni ya hashi, inayotoa namba iliyovurugika kiasi kwamba haifanani na ufunguo, lakini ni ileile kila mara kwa ufunguo uleule. Injini haitumii namba nzima, inachukua biti chache za mwanzo. Tuseme kwa sasa inatumia biti 3. Biti 3 zina michanganyiko 8, kwa hiyo kuna jedwali dogo lenye nafasi 8, na kila nafasi inaonyesha ni wapi ndani ya faili kilipo kisanduku cha funguo zenye biti hizo. Kisandukuni mnakaa taarifa fupi za kila ufunguo na mahali rekodi yake kamili ilipo. Jedwali likiwa tayari kwenye kumbukumbu, kupata ufunguo mmoja kati ya milioni ni kusoma kisanduku kimoja, kisha kuisoma rekodi. Basi.

Uzuri unaonekana kisanduku kinapojaa. Injini inakigawa viwili kwa kutazama biti ya 4: zenye 0 zinabaki, zenye 1 zinahamia kisanduku kipya. Jedwali linaongezeka mara mbili na kuwa na nafasi 16, ila vile visanduku 7 vingine havijaguswa hata kidogo. Kila kimoja sasa kinaonyeshwa na nafasi mbili za jedwali, mpaka siku kitakapojaa chenyewe. Kwa hiyo hifadhidata inakua kwa gharama ya kupanga upya kisanduku kimoja, hata kama ina mamilioni ya rekodi. Linganisha na lile faili la JSON linaloandikwa lote upya kwa ajili ya namba moja.

Ukishauelewa mpango huu, tabia nyingi zinazowashangaza watu zinajieleza zenyewe. Funguo hazitoki kwa mpangilio wowote, kwa sababu hashi imezitawanya kwa makusudi, kwa hiyo huwezi kuomba "funguo zote za mwezi wa Machi" bila kupitia hifadhidata nzima. Ukifuta funguo huku unazipitia, unaweza kuruka baadhi, maana kufuta kunabadilisha mpangilio ndani ya visanduku; kusanya kwanza funguo za kufutwa kwenye orodha, halafu zifute. Na ukifuta nusu ya data, faili halipungui. Nafasi iliyoachwa inawekwa akiba kwa rekodi zijazo, na ukitaka faili lipungue kweli unaita reorganize().

Sdbm inabana zaidi. Humo ufunguo na thamani yake vinakaa pamoja ndani ya ukurasa wa baiti 1024, kwa hiyo jumla yake haiwezi kuzidi baiti 1008. Kwa hesabu za IP hilo halisumbui, lakini mtu akianza kuhifadhi kurasa za wavuti atagonga ukuta. Ndbm na sdbm pia zinaandika mafaili mawili, moja la .pag na jingine la .dir, na lile la .pag lina mashimo, yaani sehemu tupu zisizochukua nafasi diskini: amri ya ls itakwambia ni kubwa sana huku du ikisema limechukua sehemu ndogo tu ya diski. Ukilinakili kwa zana isiyotambua mashimo, nakala inavimba.

Sasa turudi kwenye dbm.open, kwa sababu ndiyo inayochagua injini bila kukuuliza. Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa huu: ikiwa moduli ya GDBM ipo, itumie, kama haipo, jaribu ndbm, nayo ikikosekana, tumia dbm.dumb, iliyoandikwa kwa Python tupu ili ifanye kazi popote. Kuanzia Python 3.13, iliyotoka Oktoba 2024, kuna injini mpya, dbm.sqlite3, inayotumia SQLite, hifadhidata nyingine ya faili moja isiyo na seva, na ndiyo inayochaguliwa kwanza faili jipya linapotengenezwa. Faili lililopo tayari linatambuliwa kwa kuchunguzwa baiti zake za mwanzo au majina ya mafaili yaliyo kando yake.

Matokeo yake ni kwamba skripti ileile inaweza kutengeneza mafaili ya aina tofauti kwenye kompyuta mbili. Kwenye Debian na Ubuntu, kwa mfano, moduli ya GDBM huja kama kifurushi cha pembeni, python3-gdbm. Ukitengeneza faili kwenye mashine iliyo nacho, kisha ukalihamishia kwenye seva isiyo nacho, dbm.open itakataa na kusema kwamba aina ya faili ni dbm.gnu (yaani GDBM) lakini moduli haipo. Huo ni mgomo wa wazi, unautibu kwa dakika moja. Mbaya zaidi ni ndbm inayokuja na macOS. Nyaraka za Python zenyewe zinaonya kwamba ina kikomo cha ukubwa wa thamani kisichoandikwa popote. Ukikizidi faili linaharibika, na kulisoma baadaye kunaweza kuiangusha programu nzima. Kwa hiyo sioni sababu ya kutumia dbm.open tupu kwenye kazi inayotegemewa. Itaje injini kwa jina: dbm.gnu.open au dbm.sqlite3.open. Na ukirithi faili usilolijua, dbm.whichdb("hesabu") itakwambia ni la injini gani.

Suala la kufuli nalichukua kwa uzito zaidi ya yote, na mabadiliko ya 3.13 yameligusa bila watu wengi kutambua. GDBM ina sheria moja rahisi: wasomaji wengi, au mwandishi mmoja peke yake. Skripti ya pili ikijaribu kufungua kwa kuandika wakati ya kwanza haijafunga, inapata kosa papo hapo, "Resource temporarily unavailable". Kosa hilo linaudhi, lakini ni mlinzi mwaminifu. Ule mfano wetu wa kuhesabu unasoma namba, unaongeza moja, unaandika. Chini ya GDBM hakuna mwingine anayeweza kuingia kati ya kusoma na kuandika.

Ukiendesha msimbo huohuo juu ya dbm.sqlite3, skripti zote mbili zinafungua bila tatizo. Ya kwanza inasoma 5, ya pili inasoma 5, ya kwanza inaandika 6, ya pili inaandika 6. Wageni wawili wamehesabiwa kama mmoja, na hakuna kosa lolote lililotokea kwenye skrini. SQLite haikukosea, kila uwekaji wa thamani ni muamala kamili unaojitegemea (tendo linalokamilika lote au lisifanyike kabisa), na injini inalinda faili lisiharibike. Kusoma-kisha-kuandika kwako haikujua kwamba ni kitu kimoja. Ndbm na dbm.dumb nazo hazikulindi kabisa.

Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kushika kufuli ya nje kabla ya kufungua hifadhidata, kwa kutumia fcntl.flock juu ya faili jingine tupu, na kuiachia baada ya kufunga. Kufuli ishikwe kabla ya kufungua, si baada ya kufungua, kwa sababu baadhi ya injini husoma taarifa za mwanzo wa faili wakati wa kufungua na kuzikumbuka. Ya pili, ambayo naipendelea ikiwa waandishi ni wengi, ni kuachana na dbm na kutumia moduli ya sqlite3 moja kwa moja. Humo amri moja ya INSERT yenye ON CONFLICT DO UPDATE SET idadi = idadi + 1 inafanya kusoma na kuandika kwa pigo moja ndani ya injini, na nafasi ya kugongana haipo. Bado ni faili moja, bado hakuna seva.

Kuna pia swali la lini data inafika diskini. Unapoandika kwenye faili, mfumo endeshi unapokea baiti na kuziweka kwenye kumbukumbu yake, kisha unaziandika diskini kwa wakati wake. Programu yako ikianguka, baiti hizo ziko salama kwa mfumo. Umeme ukikatika, hazipo. GDBM kwa kawaida haisubiri diski. Ukitaka isubiri, unaongeza herufi "s" wakati wa kufungua, yaani "cs", au unaita db.sync() kila baada ya rekodi kadhaa. Hatari si kupoteza rekodi ya mwisho peke yake. Kugawa kisanduku kunahitaji kuandika sehemu kadhaa za faili, na umeme ukikatika baada ya sehemu moja kuandikwa na nyingine bado, muundo wa faili wenyewe unavunjika. Toleo la 1.21 la GDBM, la mwaka 2021, liliongeza njia ya kujikinga na hali hiyo, lakini moduli ya Python haikuwashii. SQLite inaandika kwanza kwenye faili la akiba diskini kabla ya kugusa data yenyewe, kwa hiyo baada ya umeme kurudi inajua pa kuanzia. Kwa kache ambayo inaweza kujengwa upya, GDBM inatosha kabisa. Kwa orodha ya miamala ya fedha iliyokwisha kushughulikiwa, mahali ambapo ufunguo mmoja uliopotea unamaanisha mteja kulipwa mara mbili, nisingetumia ndbm wala GDBM. SQLite, bila kusita.

Python ina moduli nyingine, shelve, inayokaa juu ya dbm na kuruhusu thamani kuwa orodha, kamusi au kitu chochote. Inafanya hivyo kwa kupitisha thamani kwenye pickle, moduli ya Python inayogeuza vitu kuwa baiti. Mtego wake ni huu:

    import shelve

    with shelve.open("oda") as s:
        s["juma"] = ["unga"]
        s["juma"].append("sukari")
        print(s["juma"])

Inachapisha ["unga"] tu. Mstari wa append ulisoma orodha kutoka kwenye faili, ukaongeza sukari kwenye nakala iliyo kwenye kumbukumbu, na nakala hiyo ikatupwa. Sharti uitoe orodha, uibadilishe, kisha uirudishe kwa s["juma"] = orodha. Kuna chaguo la writeback=True linalorekebisha hilo, ila linaweka kila ulichokigusa kwenye kumbukumbu na kukiandika chote upya wakati wa kufunga. Tena pickle inaweza kutekeleza msimbo wakati wa kusoma, hivyo faili la shelve lililotoka kwa mtu usiyemwamini usilifungue kabisa. Mimi huweka JSON ndani ya dbm ya kawaida: json.dumps wakati wa kuandika, json.loads wakati wa kusoma. Inasomeka hata na skripti ya Perl au PHP, na ukibadilisha jina la darasa ndani ya programu yako data ya zamani haifi.

Ukihitaji mpangilio wa funguo, ondoka kwenye hashi uende kwenye mti, muundo unaoziweka funguo kwa mfuatano. Berkeley DB ilikuwa chaguo la kawaida kwa hilo, lakini Oracle waliinunua mwaka 2006, na mwaka 2013 toleo la 6.0 likahamia leseni ya AGPL, yenye masharti makali zaidi, jambo lililoyafanya matoleo mengi ya Linux kubaki kwenye 5.3. Python yenyewe ilishaiondoa moduli yake tangu toleo la 3.0. Leo anayetaka mti wenye kasi hutazama LMDB, iliyoandikwa na Howard Chu kwa ajili ya OpenLDAP, seva ya saraka. LMDB inalipachika faili zima kwenye nafasi ya anwani ya programu, kwa hiyo kusoma hakunakili chochote, na wasomaji hawamzuii mwandishi wala mwandishi hawazuii wasomaji. Inakudai mambo mawili: utangaze mapema ukubwa wa juu wa hifadhidata, maana kwa kawaida moduli ya Python inakupa mebibaiti 10 tu, na funguo zisizidi baiti 511. Usiiweke kwenye diski ya mtandao.

Ndani ya mti, funguo hupangwa baiti kwa baiti, hivyo "10" inatangulia "9". Jaza sifuri mbele, "0009" na "0010", na tarehe ziandike zikianza na mwaka, 2025-03-14. Hapo "funguo zote za Machi" ni kuruka hadi 2025-03 na kutembea mpaka mwezi uishe.

Na kama data yako haibadiliki kabisa mchana kutwa, itazame cdb ya D. J. Bernstein. Faili linajengwa mara moja na haliongezwi kitu. Likihitaji mabadiliko unajenga jipya pembeni, kisha unalipa jina la lile la zamani kwa tendo moja, na wasomaji hawaoni hata sekunde ya pengo. Kutafuta ufunguo uliopo kwa kawaida ni safari mbili za diski, usiokuwepo ni moja. Kikomo cha faili ni gigabaiti 4. Kwa orodha za anwani za barua pepe au misimbo ya posta, sijui kitu chepesi zaidi.

Nakala za akiba zichukuliwe hifadhidata ikiwa imefungwa. Kunakili faili la GDBM wakati skripti inaandika kunaweza kukupa picha ya nusu ya tendo. Faili la GDBM pia halihami kwa usalama kati ya mashine zenye mpangilio tofauti wa baiti. Kwa hilo kuna gdbm_dump na gdbm_load, zinazotoa na kurudisha data kama maandishi. Na ukiamua kuhama injini kabisa, kitanzi kifupi kinatosha:

    import dbm.gnu, dbm.sqlite3

    with dbm.gnu.open("hesabu", "r") as zamani, \
         dbm.sqlite3.open("hesabu.db", "c") as mpya:
        k = zamani.firstkey()
        while k is not None:
            mpya[k] = zamani[k]
            k = zamani.nextkey(k)
        print(len(zamani), len(mpya))

Tumia firstkey na nextkey badala ya keys(), kwa sababu keys() inajenga orodha ya funguo zote kwenye kumbukumbu. Kwa rekodi mamilioni kitanzi hiki kitakuwa cha polepole, kwa kuwa kila mstari ni muamala wake. Namba mbili za mwisho zikilingana, na faili jipya lilikuwa tupu ulipoanza, lile la zamani unaweza kulifuta.